Familia mpya zinakuja, kisha hazionekani tena: tuzipokeeje?

KaraniWaKamati

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni karani wa kamati ya familia katika kanisa letu. Si kanisa kubwa. Tunafahamiana kwa sura, na mtu akikosa ibada tunajua. Ila mtaa unaotuzunguka umebadilika haraka: watu wanahamia kufuata kazi, nyumba za kupanga zimeongezeka, na viti vya nyuma havikosi familia ngeni. Wanakuja Jumapili ya kwanza, ya pili, pengine ya tatu. Baada ya hapo basi. Ukikutana nao njiani wanakusalimu vizuri kabisa, lakini kanisani hawarudi.

Hatujakaa bure. Tuna wapokezi mlangoni, tunawasimamisha wageni wakati wa matangazo, tunawaombea, tunawapa kadi wajaze majina na namba za simu. Sasa mchungaji ametaka mapendekezo kikao kijacho, na kamati imegawanyika. Wapo wanaosema tununue vyombo bora na kwaya iimarishwe, ibada ivutie watu. Wapo wanaosema tatizo ni msaada: familia hizi zinahangaika na kodi ya nyumba, karo, mama kajifungua na hana ndugu karibu, na sisi mfuko wetu wa huruma umezoea kuhudumia washirika waliosajiliwa tu.

Kuna na jambo moja linaloniuma. Alikuja mama na mwanawe wa kiume wa umri wa kuanza shule. Mtoto hakutulia. Alipiga kelele katikati ya mahubiri, akakimbia hadi mbele. Mzee wa kanisa akamwendea mama, akamwomba kwa upole atoke naye nje. Alitoka. Kadi yake ipo ofisini, namba inasomeka vizuri, na hakuna aliyempigia.

Kwenu mliowahi kuifanya kazi hii: mnaanzia wapi? Na huyu mama tumfanyie nini?

---

MamaWaKijana

Kaka karani, mimi ni mama wa kijana mwenye usonji (autism), kwa hiyo nianze na huyo mama. Mengine watasema wenye uzoefu wa uongozi.

Sijui kama mtoto wake ana usonji au ni mtoto mchangamfu tu, na wewe pia hujui, wala huhitaji kujua ndipo umpokee. Ninachojua ni kwamba aliondoka nyumbani kwake siku hiyo akiwa amejiandaa kwa mengi. Kumwogesha na kumvalisha mtoto wa namna hiyo, kumfikisha mahali asipopajua, penye ngoma na watu wanaopiga makofi ghafla, ni kazi ya asubuhi nzima. Kuambiwa "toka naye kidogo", hata kwa sauti ya upole, kulimwambia kwamba mwanawe hana nafasi pale. Upole wa sauti hauondoi maana ya maneno.

Msimpigie kumwalika ibadani. Mpigieni kumuuliza hali. Awe mwanamke mmoja tu, tena mwenye watoto, ajitambulishe, amuulize jina la mtoto na anachopenda. Akitaka kurudi atasema mwenyewe, na hapo muulizeni, "Tukuwekee kiti wapi ili awe huru?" Swali hilo niliulizwa mimi katika kanisa tunaloabudu sasa, na ndilo lililotufanya tubaki. Walituwekea viti pembeni, karibu na mlango wa ubavuni, mbali na vipaza sauti. Mwanangu akichoka tunatoka na kurudi bila kupita mbele za watu. Mwalimu wa kwaya hunitumia mapema utaratibu wa ibada, nami namsomea usiku: kwanza wimbo, kisha maombi, kisha watu wataketi. Akijua kinachofuata anatulia zaidi kuliko mnavyoweza kudhani.

Neno la mwisho, na ninalisema kwa uchungu. Asitokee mtu wa kumshika mtoto huyo kichwani na kukemea mapepo bila idhini ya mama yake. Nimetendewa hivyo mbele ya watu. Mtoto alijikunyata miguuni pangu akitetemeka, na ilipita miaka kabla sijaingia kanisa lolote. Mkitaka kumwombea, mwombeeni kama mnavyowaombea watoto wote, kwa jina lake, kwa kumshukuru Mungu aliyemleta.

---

ShemasiMstaafu

Mwanangu karani, Bwana akubariki kwa kuuliza. Na wewe mama uliyetangulia, asante. Ulichoandika wazee wa kanisa wangepaswa kukisikia kabla ya semina yoyote ya ukaribisho.

Nimehudumu ushemasi hadi magoti yakakataa ngazi, na sehemu kubwa ya huduma hiyo ilikuwa kutembelea nyumba. Nitasema ninavyoona, nawe uchukue kinachowafaa.

Vyombo na kwaya viwekeni kando kwanza. Familia iliyokuja Jumapili tatu haikuondoka kwa sababu ya kipaza sauti. Angalia hizo kadi zako. Mmekusanya majina na namba za watu, mkaziweka ofisini, na siku sita zikapita kimya. Familia iliyohamia karibuni haiamui kubaki ikiwa imeketi kwenye kiti cha kanisa. Inaamua Jumatatu mtoto anapoamka na homa na hawajui zahanati ipi inafungua mapema. Inaamua Jumatano mama anapocheleweshwa kazini na hana wa kumchukulia mtoto shuleni. Siku hizo kama kuna mtu mmoja wa kanisa lenu ambaye anaweza kupigiwa simu bila kuonewa aibu, familia hiyo imeshapata kanisa. Kama hayupo, hata mkiwapigia makofi kila Jumapili ni kazi bure.

Sisi tulifanya hivi. Badala ya kumkabidhi mgeni kwa kamati, tulimkabidhi kwa nyumba moja. Tuliiita nyumba mlezi. Hatukuichagua kwa cheo. Tuliangalia mambo mawili: wanakaa karibu, na wana watoto wa rika linalokaribiana. Mzee wa kanisa anayeishi mbali na ambaye watoto wake wameshaoa hakupewa, hata kama alitaka sana. Nyumba mlezi iliwatembelea wageni ndani ya juma hilo hilo, baada ya kuuliza saa inayowafaa, na haikukaa muda mrefu. Hawakwenda na daftari. Hawakuuliza mlikuwa kanisa gani, mmefunga ndoa wapi, mmebatizwa kwa maji mengi au machache. Waliuliza majina ya watoto wakayashika. Jumapili iliyofuata mtoto anaitwa kwa jina lake mlangoni, na ukitazama uso wa baba yake wakati huo hutahitaji maelezo yangu.

Kuwasimamisha wageni, acheni. Najua mnafanya kwa nia njema. Lakini miongoni mwa wanaosimama kuna mama aliyekimbia kipigo na hataki ijulikane yupo wapi. Kuna baba aliyeachishwa kazi, hajamwambia hata ndugu yake. Kuna mjane ambaye akisema jina lake mbele ya watu atalia. Atakayetaka kujitambulisha apewe nafasi. Asiyetaka aketi kwa amani.

Sasa msaada. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo makanisa mengi yanapojeruhi watu.

Mnajua kisa cha Matendo ya Mitume sura ya 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa na huduma ya kila siku kwa wajane, na wajane wa Wayahudi wa Kiyunani wakawa wanasahauliwa. Ni wale wasio wenyeji, waliotoka mbali, lugha yao nyingine. Manung'uniko yakaja. Mitume hawakusema "wavumilie", wala hawakuhubiri dhidi ya manung'uniko. Waliwaambia watu wachague wanaume saba wa kusimamia kazi hiyo. Tazama sasa majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yote ni majina ya Kiyunani. Kwa ninavyosoma mimi, walioachwa nje ndio waliokabidhiwa meza. Wenyeji wa Yerusalemu waliwapa wageni ufunguo wa ghala.

Kwa hiyo nakuuliza: katika kamati yenu ya familia, ni nani aliyehamia mtaani hapo karibuni? Kama wote ni watu wa zamani, kila mtakachoamua kuhusu familia mpya mtakiamua kwa kubahatisha.

Ndiyo maana sipendi sana neno "kuwasaidia" likisimama peke yake. Mtu anayepokea tu, kila mara, mwishowe huchoka kupokea, akaondoka kulinda heshima yake. Mpeni kazi mapema. Priska na Akila walikuwa nani? Mume na mke waliofukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakaingia Korintho wakiwa wageni, mafundi wa mahema. Paulo ndiye aliyekaribishwa kwao. Baadaye wakiwa Asia, kanisa linakutana nyumbani mwao, 1 Wakorintho 16:19. Wakirudi Rumi, kanisa tena nyumbani mwao, Warumi 16:5. Familia iliyohamahama kuliko zote tunazozisoma ndiyo iliyofungua mlango kila ilipofika. Huwezi kujua aliyeketi kiti chenu cha nyuma ni Priska wa namna gani.

Kuhusu mfuko kuwa wa washirika waliosajiliwa tu: Yustino Mfiadini, mwalimu wa Kikristo aliyeandika katikati ya karne ya 2, alieleza jinsi Wakristo walivyokusanya sadaka siku ya Jumapili na kumkabidhi msimamizi wao awasaidie yatima na wajane, wagonjwa, waliofungwa, na wageni waliokuwa kati yao. Wageni wametajwa tangu hapo. Sajili haijatajwa.

Namna ya kutoa ina uzito sawa na kinachotolewa. Waende watu wawili, wasizidi. Msipige picha. Msitangaze. Msimwambie mtu aje kushuhudia mbele alivyosaidiwa. Kama ni karo au kodi na familia imekubali, lipeni moja kwa moja shuleni au kwa mwenye nyumba, mchukue risiti, mnyamaze. Na aliyesaidiwa asije akaulizwa mwezi ujao mbona hakuja ibadani. Nimeona mama akiacha dawa za mwanawe dukani kwa sababu aliyetumwa kumsindikiza alimuuliza hapo hapo kama ameokoka.

Mama aliyejifungua: juma la kwanza watu hujaa, mikono mingi, vyakula vingi hadi vinaharibika. Juma la tatu hakuna mtu, na ndilo juma ambalo usingizi umemwishia, kidonda hakijapona vizuri kama alizaa kwa upasuaji, mume amerudi kazini, na mtoto mkubwa anadai mama yake. Pangeni zamu kuanzia hapo. Mmoja afue, mmoja amchukue mtoto mkubwa alasiri, mmoja amshike mchanga saa moja tu mama alale. Mkimwona amenyong'onyea, halii wala hacheki, hamtazami mtoto, msimwambie aombe zaidi. Mpelekeni hospitali na mwende naye, huo ni ugonjwa na una matibabu. Msiba nao ni hivyo hivyo. Siku ya mazishi mjane hayuko peke yake. Yuko peke yake watu wakishamaliza kurudi makwao, na kuna makaratasi ya kujaza, na watoto wanauliza maswali usiku.

Na mama akija kuwaambia anapigwa, msigeuke mahakama ya upatanisho. Msimrudishe nyumbani avumilie. Kwanza usalama wake na wa watoto, mahali pa kulala usiku huo, daktari, na vyombo vya sheria. Maombi na mashauri ya ndoa yatapata wakati wake, na huenda yasiwe kazi ya kanisa la mtaa peke yake. Nimezika mwanamke tuliyekuwa tunamjua wote.

---

MtunzaHazina

Dada shemasi, nakuheshimu, na mengi uliyosema nayaunga mkono. Ila mimi ndiye ninayefungua kisanduku cha mfuko wa huruma kwetu, na mara nyingi ninakuta kilichomo hakilingani na orodha ya wahitaji. Kwa hiyo niseme upande wa pili.

Maandiko hayakuacha msaada uende hivi hivi. 1 Timotheo 5 ina orodha ya wajane, na masharti yake yako wazi: asipungue miaka 60, awe na ushuhuda wa matendo mema, na kama ana watoto au wajukuu hao ndio waanze kumtunza, kanisa lisilemewe. Wagalatia 6:10 inasema tuwatendee watu wote mema, na hasa jamaa ya waaminio. Hilo "hasa" lina uzito. Kuna watu wanaozunguka makanisa, leo hapa, kesho kwa jirani, hadithi ile ile. Tukiwapa wote, yule bibi aliyeketi nasi tangu ujana wake atakosa.

Kuna mambo ningependa kamati ya ndugu karani iyaandike kabla haijaanza. Mfuko usiwe na mtu mmoja anayeamua. Kwetu wanasaini watu watatu, na hawatoki nyumba moja. Kanisa lisomewe jumla ya kilichoingia na kilichotoka, lakini majina yabaki katika daftari linalofungiwa. Msichange kwa kushurutishana: Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Afrika Kaskazini, akiandika karibu mwaka 197, alieleza kwamba Wakristo wa wakati wake walitoa kiasi kidogo mara moja kwa mwezi au wakati wowote mtu alipotaka, na ikiwa anaweza, hakuna aliyelazimishwa. Fedha hizo zililisha na kuzika maskini, zikawatunza watoto wasio na wazazi na wazee waliobaki majumbani. Ikiwa wao hawakulazimisha, sisi tusisome majina ya wasiotoa.

Na msikopeshe. Hili nalisisitiza kwa nguvu zangu zote. Kama mnaweza kutoa, toeni. Kama hamwezi, semeni hamwezi na mumsaidie kutafuta pengine. Mkopo wa kanisa humfukuza mshirika. Tarehe ikipita na hana, ataona haya kukutana na mtunza hazina mlangoni, atahama. Nimewaona watu wema wakipotea kwa deni ambalo kanisa lingeweza kulisamehe tangu siku ya kwanza.

---

ShemasiMstaafu

Mzee mtunza hazina, asante sana. La mikopo nalikubali lote, na ningependa liandikwe ukutani ofisini.

Kuhusu ile orodha ya Timotheo, tazama inamhusu nani. Ni mjane aliyebaki peke yake kabisa, ambaye kanisa linamchukua limtunze, naye amejitoa kwa maombi na huduma. Lazima liwe na masharti, maana ni ahadi ya miaka. Mama anayeomba dawa ya mtoto usiku wa leo hajaomba kuandikwa kwenye orodha hiyo. Tukitumia masharti ya ahadi ya miaka kwa hitaji la usiku mmoja, tutamwacha mtoto na homa huku tukijiona waaminifu kwa Neno.

Kwa hiyo gawanyeni mfuko. Sehemu ndogo iwe ya dharura, itolewe kwa yeyote, haraka, bila kuuliza kadi, na kiasi chake kiwe na kikomo mlichokubaliana. Sehemu kubwa iwe ya safari ndefu, na hapo nyumba mlezi ishauriwe kwa sababu inawafahamu. Wazungukaji unaowataja wapo, siwakatai. Watachukua kidogo kutoka kwenye ile sehemu ya dharura na kuondoka. Mimi niko tayari kudanganywa kwa kiasi hicho kuliko kumsaili kila mama kama mshtakiwa.

---

MwalimuWaJumapili

Naomba niongeze upande wa watoto, kwa kuwa hapo ndipo wazazi wengi wapya hutupima kwanza.

Shule za Jumapili zilivyopata nguvu kule Uingereza hazikuanza kwa ajili ya watoto wa washirika waliovaa vizuri. Robert Raikes wa Gloucester alifungua yake mwaka 1780 kwa watoto maskini waliofanya kazi siku sita za juma na kubaki mitaani ile ya saba. Walifundishwa kusoma. Napenda kuwakumbusha walimu wenzangu hilo kila ninapomsikia mmoja akisema mtoto fulani "anavuruga darasa". Huyo anayevuruga ndiye tuliyeanzishiwa kazi.

Lakini naomba kumjibu mama shemasi kidogo pale aliposema wageni wapewe kazi mapema. Kazi ndiyo, ila darasa la watoto hapana, si mapema. Tunakaa na mtu muda wa kutosha, tunauliza walikotoka, na hata baada ya hapo hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto. Darasani wanakuwa watu wazima wawili ambao si mume na mke, mlango uko wazi au una kioo, na mtoto anaondoka na yule tu aliyemleta. Mtoto akisema ameguswa vibaya, hatumwiti mtuhumiwa kikaoni tukapatane. Taarifa inakwenda kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto siku hiyo hiyo, awe ni mgeni au ni mzee wa kanisa. Wazazi wapya tunawaeleza haya yote siku ya kwanza, kabla hawajauliza. Sijaona mzazi aliyechukia kuambiwa.

---

ShemasiMstaafu

Mwalimu, umesema kweli, na nisingependa neno langu litumike kufungua mlango huo. Kazi ninazozisema ni za kupanga viti, kuimba, kusoma somo, kuandika mahitaji, kupika, kukaa kwenye kamati. Kwa watoto, fuateni utaratibu wa mwalimu.

---

KaraniWaKamati

Wapendwa, nimesoma yote, na mengine nimeyasoma kwa sauti nyumbani.

Nimempigia yule mama. Sikumpigia mimi, nilimwomba dada mmoja mwenye watoto wawili, akafanya kama alivyoelekeza mama wa kijana. Waliongea kwa muda mrefu kuhusu shule na majirani, na kanisa halikutajwa hadi mama mwenyewe alipolitaja. Mtoto anapenda magari na hapendi makofi. Yule mzee wa kanisa naye, nilipomsomea maneno yenu, alinyamaza, kisha akauliza kama yeye na mkewe wanaweza kwenda kumwona mama huyo. Tumemwambia asubiri mama akubali.

Sasa nina tatizo la nyumba mlezi. Mchungaji amelipenda wazo, ila nikiangalia orodha naona majina yale yale yatakayojitokeza: akina mama sita au saba ambao tayari wanafanya kila kitu. Wengine watasema hawana nafasi. Na kuna mabaraza ya wazee yatakayotaka kuchagua walezi kwa heshima ya mtu. Mama shemasi, mlilikabili vipi?

---

ShemasiMstaafu

Mwanangu, hao akina mama sita waache wapumzike. Usiwape hata mmoja. Wakipewa watakubali, na baada ya muda utakuwa na wanawake sita waliochoka na kanisa lililobaki likiwatazama.

Anza na familia ngeni mbili tatu tu, zile ambazo kadi zake ni za karibuni. Kwa kila moja tafuta nyumba ambayo haijawahi kupewa jukumu lolote: vijana waliooana juzi, baba anayelea watoto peke yake, fundi anayefanya kazi za usiku na kuja ibadani akisinzia. Watu hawa hawajitokezi kwa sababu hakuna aliyewaita kwa jina. Na baba umpe baba mwenzake. Akina mama wakitembelea peke yao, baba wa familia ngeni atabaki mgeni hata mkewe akiwa ameshaingia kwaya. Anayefanya kazi Jumapili mpangieni mtu wa kumwona siku yake ya mapumziko, asome naye Neno, msimhesabu kuwa amerudi nyuma.

Baraza la wazee likitaka kuchagua kwa heshima, usibishane nao kikaoni. Mwombe mchungaji awaulize swali moja kwa kila jina: anakaa umbali gani na familia hiyo, na watoto wake wana umri gani? Majibu yatawaondoa wasiofaa bila mtu kuvunjiwa heshima.

Weka muda. Nusu mwaka unatosha, kisha nyumba mlezi ifunguliwe rasmi jukumu lake. Urafiki ukibaki, ubaki wenyewe. Kabla ya muda huo kuisha kaa nao, uwaulize familia imewafundisha nini na kuna hitaji gani ambalo kamati haijaliona, uandike. Wakikuambia wameshindwana, badilisha bila kutafuta mwenye kosa; watu wengine hawapatani tu. Na wale waliolelewa mwaka huu, ndio wa kwanza kuwaomba wawe walezi mwakani. Hao bado wanakumbuka mlangoni kwenu kunavyoonekana ukiwa nje.

Majina ya walezi yasisomwe kwenye matangazo. Mfuate kila mmoja peke yake, mweleze kazi yenyewe ilivyo, na umwachie nafasi ya kukataa bila kukupa sababu.